Aprili 7 kwenye kalenda ya Mombasa: tuandike nini?

Mpiga Chapa, Mwembe Tayari

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Nina kesi, naileta mbele yenu.

Kila mwaka natoa kalenda ya ukutani, ile ya karatasi ndefu inayoning'inizwa madukani. Mnaijua: tarehe ya miladi kwa wino mweusi, ya Hijria kwa kijani pembeni, alama ya wimbi dogo siku za bamvua (maji makuu), na chini kabisa mstari mmoja wa "Siku kama ya leo". Kisanduku chenyewe ni upana wa vidole viwili. Herufi zikizidi thalathini zinapanda juu ya namba.

Aprili 7 siku zote naandika "1498: Vasco da Gama afika Mombasa". Niliyarithi maneno hayo kwa marehemu aliyenifunza kazi, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Juzi mteja wangu mwenye duka la leso Biashara Street kanirudishia sampuli, kaizungushia tarehe hiyo kalamu nyekundu. "Mgeni aliyekuja kutuchoma mafuta ndiye nimpe ukuta wangu?" Nilicheka pale dukani, lakini nyumbani likanikaa kichwani.

Nimeitazama upya siku yenyewe, nimeikuta imejaa kama feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Mwaka 1498 huyo Mreno. Mwaka 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, ndiyo maana ni Siku ya Afya. Mwaka 1971 Josina Machel, mpiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alifariki Dar es Salaam akiwa na miaka 25. Msumbiji mpaka leo ndiyo siku yao ya wanawake. Mwaka 1972 Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, akauawa kwa risasi Kisiwandui, Unguja. Na 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Rai yangu: 1498 ibaki, maneno yageuke. Yawe "Mombasa yamkataa Vasco da Gama". Herufi ishirini na sita, zinaingia. Mnasemaje?

Kijana wa Kibokoni

Shikamoo mzee. Mimi nasema mfute kabisa, asibaki hata kwa kukataliwa. Ukimkataa mtu kila mwaka bado ni yeye unayemtaja. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa 1331, miaka 167 kabla yake, akatukuta tunakula ndizi na samaki, akasifu misikiti yetu ya mbao na uchamungu wa watu. Kalenda gani inamwandika? Malindi walimpokea Vasco na mnara wake wanao, watalii wanapiga picha, sawa. Sisi tulipata nini zaidi ya mji kuchomwa na Wareno wenzake 1505?

Na msitishwe na neno "historia". Oktoba 10 ilikuwa Siku ya Moi, ikaja ikawa ya Utamaduni, sasa ni ya Mazingira. Tarehe ni ile ile. Wenye nguvu wanabadilisha bango tu, sasa sisi tunaogopa kubadilisha kisanduku cha vidole viwili?

Nesi wa Zamu

Andika Siku ya Afya, mmalize. Haina adui. Inaadhimishwa tangu 1950.

Kijana wa Kibokoni

Dada, haina adui na haina msomaji pia.

Dereva wa Masafa

Mimi navuta trela kutoka bandarini hapa hadi Kigali. Aprili 7 imenikuta kule mara mbili. Hakuna muziki, hata redio ya gari unaizima mwenyewe kwa haya. Mwenye hoteli niliyolala, mama wa makamo, aliniwekea chai mezani akakaa mlangoni, hakusema neno mpaka nilipomaliza. Watu zaidi ya laki nane kwa siku 100, na zinaanza kuhesabiwa siku hiyo. Sasa nyinyi mnabishana juu ya mtu aliyetia nanga nje ya mlango wa bahari miaka mia tano iliyopita. Mimi kalenda yako naibandika kwenye kabini. Kama utaandika lolote lenye harufu ya kujisifu kwenye kisanduku hicho, siibandiki.

Binti wa Unguja

Naandika kutoka Old Town, ila kwetu ni Unguja. Bibi yangu alivuka 1964, mwaka wa Mapinduzi, na watoto watatu na sanduku moja. Mnataja Karume kama mnataja mvua. Ndani ya nyumba yetu tarehe hiyo ina pande mbili: mjomba aliyebaki kule anakwenda Kisiwandui kusoma hitima, ni siku ya mapumziko Tanzania nzima; bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akisikia jina tu anainuka anakwenda jikoni. Sikuambii uandike au usiandike. Nakuambia ukiandika, ujue Mombasa kuna nyumba nyingi kama yetu, na kalenda yako imo humo.

Mwalimu wa Historia, Kisauni

Wanangu, tutenganishe mambo, maana hata kosa la mwenye leso lina maana yake.

Habari zote hizi tunazipata kwenye daftari la safari la baharia mmoja wa Vasco. Wenyeji hawakuacha maandishi ya wiki ile, au hayakutufikia. Daftari linasema walifika Jumamosi tarehe 7, mkesha wa Jumapili ya Matawi, wakatia nanga nje, hawakuingia. Usiku ule likaja jahazi na watu kama mia wenye silaha; waliruhusiwa kupanda wanne au watano tu. Jumapili mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Hapo hakuna kukataliwa, Mpiga Chapa. Mtu hamkatai mgeni kwa kondoo.

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 10. Walipong'oa nanga waingie bandarini, chombo cha mkubwa wao kikakataa kugeuka, kikagongana na cha nyuma. Katika zogo lile marubani wawili waliochukuliwa Msumbiji wakajirusha majini. Usiku Vasco akawashika watu wengine wawili, nao wa Msumbiji, akawadondoshea mafuta yanayochemka ngozini waseme kama kuna njama. Waliochomwa, basi, si watu wa Mombasa. Wote wawili walijitupa baharini, mmoja mikono ikiwa imefungwa. Kama kuna watu wa kuandikwa, mimi ningewaandika hao, na majina yao hatuna.

La pili, kalenda. Wareno walibadili hesabu Oktoba 1582: walilala tarehe 4, wakaamka tarehe 15. Kwa mwaka 1498 tofauti ni siku 9. Aprili 7 ya daftari lile ni Aprili 16 ya ukutani kwako. Kwa Hijria ilikuwa katikati ya Shaaban, mwaka 903. Kwa hiyo unapoweka Vasco, Karume na Rwanda kwenye kisanduku kimoja na kusema "siku moja", Vasco hayumo. Kaingia kwa jina la tarehe tu.

Nahodha Mstaafu

Mwalimu umenifurahisha hapo pa Shaaban. Katikati ya mwezi ni bamvua na mbalamwezi. Hebu malizia usiku ule wa Jumanne, maana nimesikia habari ya amari, ile kamba nene ya nanga.

Mwalimu wa Historia, Kisauni

Marahaba nahodha, nilikuwa naja huko. Kama saa sita za usiku zikaja ngalawa mbili zimejaa watu. Wakashuka majini wakaogelea, wengine kwenye chombo kiitwacho Berrio, wengine kwenye São Rafael. Wa Berrio wakaanza kukata kamba ya nanga. Walinzi wakawaona, wakadhani ni jodari! Walipogundua kuwa ni watu wakapiga kelele, na wakati huo waogeleaji wengine walishashika kamba za mlingoti wa nyuma. Wakateleza chini kimya kimya, wakapotea.

Nahodha Mstaafu

Haya, sasa nami niseme la baharini. Tarehe 10 mwezi ushapita kumi na tano, unachomoza baada ya isha, na saa sita umeshapanda. Wale watu hawakuwa na giza la kuwaficha. Ndiyo maana walinzi waliona mgongo unang'aa wakasema jodari. Kuogelea usiku wa mbalamwezi, kisu mdomoni au mkononi, dhidi ya amari nene kama mkono wa mtu mzima, na juu yako watu wenye mizinga. Mimi nimekata amari yangu mwenyewe siku ya kusi kali, mchana, nikiwa juu ya chombo, na ilinichukua muda nikamaliza dua zote ninazozijua.

Na jambo jingine. Kwetu jua likizama siku imeisha. Jumanne usiku ni usiku wa kuamkia Jumatano. Basi kwa hesabu ya walioogelea, ile ilikuwa tarehe 11.

Kijana wa Kibokoni

Tarehe 11 Aprili?! Mzee, si ndiyo siku Ngome ya Yesu ilipopewa jina, 1593?

Mpiga Chapa, Mwembe Tayari

Ndiyo. Na kisanduku cha 11 tayari ninayo hiyo: "1593: Ngome yapewa jina". Subhanallah.

Mwalimu wa Historia, Kisauni

Msianze kuona miujiza. Ya 1593 ni kwa kalenda mpya, ya 1498 kwa ya zamani. Si siku moja.

Binti wa Unguja

Mwalimu, kwa heshima zote, Krismasi ya Ethiopia na ya hapa si siku moja na zote ni Krismasi. Watu hukumbuka kwa jina la tarehe. Kama ulivyosema mwenyewe.

Mwalimu wa Historia, Kisauni

Niliyasema kwa kulaumu, binti yangu.

Binti wa Unguja

Nimeyachukua bila lawama.

Kijana wa Kibokoni

Mimi nimegeuka. Sikujua habari ya jodari, wallahi, na nimesoma hapa hapa Mombasa darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Tulifundishwa jina la Vasco, mwaka, na "njia ya kwenda India". Weka amari tarehe 11, chini ya Ngome. Wote wasomeke pamoja.

Mpiga Chapa, Mwembe Tayari

Nimepima kwa rula. "1498: Usiku wa amari" inaingia juu ya Ngome kama nikipunguza wino saizi moja. Siandiki "yakatwa", maana Mwalimu atanirudia kwamba walianza tu.

Aprili 7 Vasco natoa. Nitaandika "1994: Tuikumbuke Rwanda". Josina nilitamani, lakini mstari ni mmoja. Karume nimemwacha. Binti wa Unguja kanikumbusha nauza pande zote mbili, na kama mtaniita mwoga, niiteni, ila mniite baada ya kunilipa. Nesi, nawe nisamehe.

Nesi wa Zamu

Sina neno. Dereva ana haki.

Mwalimu wa Historia, Kisauni

Mimi bado sikubali tarehe 11. Lakini nihifadhie nakala mbili.

Mvuvi wa Mtwapa

Nimewasoma toka juu mpaka chini. Mimi kalenda hii naichukua kwa ile alama ya wimbi, hayo mengine anasoma mke wangu. Mwaka jana bamvua la Machi uliliweka siku mbili baada ya siku yake. Nikaliacha dau mchangani pale pale pa kila siku, maji yakaja yakalibeba hadi kwenye mikoko, ubao wa ubavuni ukapasuka. Hilo nalo lina mjadala?

Mpiga Chapa, Mwembe Tayari

Halina, ndugu yangu. Nilinakili vibaya kutoka jedwali. Naanza na hilo kabla ya Wareno.