Mrejesho: lipu iliyokuwa ikibanduka katika kanisa letu la kale

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini lipu ya saruji katika kanisa letu la kale hapa Dar es Salaam, ambalo ni rika moja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa kati ya 1897 na 1902, ilikuwa ikibanduka kila baada ya masika, nanyi mkanishauri tuiondoe yote na kurudia chokaa. Tumefanya hivyo, na ninawashukuru sana.

Fundi alipobandua lipu ya upande wa baharini, mawe ya matumbawe yalikuwa yamelowa hadi usawa wa kiuno, na kila tulipoyapapasa, unga mweupe wa chumvi ulibaki viganjani. Unyevu uliopanda kutoka ardhini haukuwa na pa kutokea, kwa kuwa saruji huufungia ndani ya ukuta, ilhali chokaa huuacha utoke taratibu. Tulizibua mtaro kwanza, tukaacha ukuta ukauke, ndipo tukapiga lipu ya chokaa moja kwa mchanga tatu. Kazi iliyodai uvumilivu zaidi ilikuwa kuifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kaboni dioksidi ya hewani, na jua letu likiikausha haraka hupasuka.

Masika yamepita na lipu imeshika vizuri. Kamati ya ujenzi sasa inataka rangi ya plastiki. Mimi ninaipinga kwa nguvu zote, kwa sababu itauziba ukuta upya, na nimependekeza chokaa ya kupaka. Boriti za paa hatujazigusa hadi zikaguliwe mchwa.