MREJESHO: Msimbo wa kernel ya Linux nimeupata, na akaunti haihitajiki

Wakuu, niliuliza namna ya kushusha msimbo chanzo wa kernel ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo) kutoka git.kernel.org, kwa git, programu inayotunza msimbo pamoja na historia ya mabadiliko yake, maana kila nikijaribu muunganisho ulikuwa unakataliwa. Nikauliza pia kama ni lazima kuwa na akaunti. Asanteni sana, limekwisha.

Kusoma ni ruhusa kwa yeyote, huulizwi jina. Kizuizi kilikuwa mtandao wa chuo: anwani zinazoanza na git:// hupita poti 9418 (mlango wa mawasiliano ya mtandao), na pale imefungwa. Nilipoweka https:// ikaitika papo hapo.

Lililonitesa zaidi ni ukubwa. Hazina ile ya msimbo ina historia tangu 2005, ni gigabaiti kadhaa, na git clone (amri ya kunakili hazina nzima) ikikatika katikati inaanza upya. Bando linateketea hivihivi! Aliyenishauri kuongeza --depth 1 kwenye git clone, Mungu ambariki. Inashusha mafaili yalivyo sasa tu. Historia utaiongeza baadaye kwa git fetch --unshallow. Anayetaka historia yote tangu mwanzo, kernel.org wanaweka pia faili moja la bundle (hazina nzima imefungashwa humo), na ukilishusha kwa wget -c, programu ya kushusha mafaili, linaendelea pale lilipokatikia.

Kubadilisha msimbo ndiko kuna utaratibu wake: marekebisho hutumwa kwa barua pepe kwa wasimamizi wa sehemu husika, na scripts/get_maintainer.pl, programu ndogo iliyomo ndani ya msimbo wenyewe, inakuonyesha ni akina nani. Huko bado sijafika. Kwa sasa nasoma drivers/net, folda ya viendeshi vya vifaa vya mtandao, na nina furaha kubwa.