Tupeane uzoefu: Umenunua gari la spoti lililotumika, injini ikafa, kiwanda kikakujibu nini?

Silinda Sita (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari zenu. Tuelezane yaliyotukuta. Naanza mimi.

Langu ni la milango miwili, na kitabu cha sevisi kimejaa mihuri bila kurukwa hata mara moja. Mwezi wa tisa tangu nilinunue nikaanza kusikia mlio wa kugonga chini ya injini, ikishapata moto tu. Fundi alifungua filta ya oili, akaikata, akazikunjua karatasi zake moja moja chini ya taa. Zilikuwa zinameta chenga za rangi ya shaba. Akaniambia beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kuu ya injini) zina tabaka laini juu na shaba chini yake, kwa hiyo ukiona shaba ujue tabaka la juu lilishaliwa zamani. Tukashusha sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini. Beringi mbili zilikuwa zimekwanguka vibaya.

Nikawaandikia kiwandani na picha juu. Jibu lilikuwa mistari mitatu: waranti imekwisha, na mimi si mmiliki wa kwanza. Lakini fundi huyu ameshafungua injini kadhaa za aina hii, na beringi zote zimeliwa upande uleule. Nafasi ya oili kwenye beringi ilipangwa kiwandani kabla sijalijua hilo gari. Umiliki wangu unaingiaje hapo?

Mama Gia
Pole sana kaka. Langu lilikuwa cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake; reli zake za plastiki za kuiongoza zilipasuka vipande vikaangukia kwenye sampu. Walinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nikaomba jibu la maandishi lenye jina na cheo cha anayekataa, nikaambatanisha risiti zote, hata za filta. Wakatoa spea, ufundi nikalipa mwenyewe. Usitupe karatasi yoyote.

Msoma Kesi
Mkuu, hilo la mmiliki wa pili lilishafika mahakamani. Boxster na 911 za Porsche za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina shafti ya kati inayozungusha cheni za kamshafti (shafti zinazofungua valvu), na nyuma yake imeshikwa na beringi moja. Beringi ikivunjika, taimingi inapotea, valvu zinagonga pistoni, injini kwisha. Wamiliki Marekani waliishtaki Porsche kwa pamoja, na mwaka 2013 wakafikia makubaliano kwa magari ya modeli za 2001 hadi 2005, ndani ya miaka 10 au maili 130,000. Aliyenunua jipya, au lililotumika lenye cheti cha kampuni, alistahili kurudishiwa gharama zote. Aliyenunua lililotumika kwingineko, asilimia 25. Beringi ni ileile, mkuu! Hilo mpaka leo linaniuma.

Wakitaka wanaweza. Mwaka 2014 konrodi za 911 GT3 mpya zilipoleta moto, Porsche hiyohiyo ilibadilisha injini za magari yote 785.

Fundi Spana
Niseme upande wa pili kidogo. Wapo wanaowasha gari la baridi na kulivuta mpaka resi ya mwisho hapohapo, oili bado nzito. Huyo asilaumu kiwanda. Ila nawalaumu viwanda kwa hili: kuandika kwenye kitabu kwamba oili ibadilishwe kila kilomita 24,000, wengine 30,000. Mteja anafuata kitabu kwa utiifu, injini inakufa kabla ya wakati wake, halafu anaulizwa alikuwa analitunzaje. Mimi wateja wangu hawavuki 8,000, na kila filta naikata mbele yao.

Silinda Sita
Asante fundi. Langu kabla yangu lilifuata kitabu, mihuri ninayo. Dada Mama Gia, kesho naandika barua ya pili kwa mtindo wako, naambatanisha na zile chenga kwenye kichupa.

Mgeni Hapa
Wakuu, nimesoma yote. Langu lina miezi minne kwangu, halijatoa mlio wowote. Nimempigia fundi, filta inakatwa Jumamosi. Nitaleta picha.