Naomba ushauri: taarifa za wanachama wa SACCOS yetu zimevuja, na mwenyekiti anataka tunyamaze

Meneja_Kanda_ya_Ziwa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni meneja wa SACCOS ya watumishi wa umma katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Tuna wanachama wapatao 1,900 na wafanyakazi watano, na hatuna afisa TEHAMA wa kuajiriwa. Tunamwita fundi panapoharibika kitu.

Jumatatu asubuhi mhasibu wetu alipokea barua pepe iliyoonekana kutoka kwa mkaguzi wa hesabu tuliyefanya naye kazi kwa miaka mingi, ikimtaka afungue kiungo ili asome rasimu ya ripoti. Alifungua, akaombwa nywila ya barua pepe, akaiandika, kisha ukurasa ukabaki mweupe. Jumatano mchana wanachama watatu walinipigia kwa nyakati tofauti wakiuliza kwa nini SACCOS inawadai "ada ya kuhuisha mkopo" ya Sh 45,000 kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Mmoja alinisomea ujumbe wenyewe: ulikuwa na majina yake matatu, namba yake ya uanachama, salio la mkopo wake hadi shilingi ya mwisho, na jina la mdhamini wake. Miguu ilinifa ganzi, kwa sababu taarifa hizo, kwa mpangilio huohuo, zimo katika faili moja tu la Excel ambalo mhasibu hunitumia kwa barua pepe kila mwisho wa mwezi. Faili hilo lina pia namba za NIDA, mishahara na akaunti za benki.

Bodi ilikutana jana usiku. Mwenyekiti, ambaye ninamheshimu kama baba yangu, anahofia kwamba tukitangaza, watu watafurika ofisini kudai akiba zao, nasi fedha nyingi ziko nje kwenye mikopo. Anataka tubadilishe nywila, fundi apige Windows upya kwenye kompyuta ya mhasibu, na jambo liishie hapo mpaka mkutano mkuu. Fundi anakuja kesho saa tatu asubuhi. Naomba kujua tuanze na lipi, tunawajibika kumpa nani taarifa, na wanachama tuwaambie nini na lini.

Mlinda_Seva

Pole sana mkuu. Kabla hujasoma majibu mengine, mpigie fundi usiku huu umwambie asiiguse kompyuta hiyo. Kupiga Windows upya kutaufuta ushahidi wote, na wala hakutamtoa mwizi, kwa sababu kwa maelezo yako mwizi hakuingia kwenye kompyuta. Ameingia kwenye sanduku la barua, nalo liko kwenye seva za mtoa huduma. Kompyuta itoeni mtandaoni kwa kuchomoa waya na kuzima Wi-Fi, lakini msiizime, kwa kuwa kumbukumbu yake ya muda hupotea pale umeme unapokatika.

Kisha tumieni kompyuta nyingine iliyo salama. Badilisheni nywila, halafu ondoeni vifaa vyote vilivyokwisha kuingia kwenye akaunti hiyo, maana kubadilisha nywila peke yake mara nyingine humwacha mgeni akiendelea kusoma barua kana kwamba hakuna kilichotokea. Angalieni kama namba ya simu ya kurejesha akaunti bado ni ya kwenu. Baada ya hapo fungueni mipangilio ya barua pepe, sehemu ya kanuni za kupanga na kupeleka barua. Watu wengi hawajui kama sehemu hiyo ipo, na wezi wanaipenda kwa sababu hiyohiyo. Mkikuta kanuni msiyoitambua, ipigeni picha kwanza ndipo muifute. Pakueni pia orodha ya walioingia kwenye akaunti, saa na mahali, kwa sababu watoa huduma huitunza kwa muda tu.

Jambo moja linalosahaulika: aliyekaa ndani ya barua za mhasibu anajua mnavyoandikiana na benki. Ipigieni benki leo, kwa namba mliyokuwa nayo siku zote na si iliyoandikwa kwenye barua pepe yoyote, muwaombe wasipokee maelekezo ya malipo bila kuthibitisha kwa sauti. Na chukueni daftari la kawaida, muandike saa, aliyefanya na alichofanya, kuanzia simu ya kwanza ya Jumatano.

Meneja_Kanda_ya_Ziwa

Nashukuru sana. Fundi nimemzuia, na benki wamepokea ombi letu. Tumekuta kanuni iliyoundwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, ikipeleka kila barua yenye neno "mkopo" kwenye anwani ya nje na kuificha nakala katika folda ambayo hakuna anayeifungua. Mhasibu amelia sana. Nimemwambia kwamba barua ile hata mimi ningeifungua.

Wakili_wa_Wanyonge

Meneja, upande wa sheria hauna utata kama mwenyekiti anavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa pale usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Mkusanyaji hapa ni SACCOS yenyewe, si mhasibu wala fundi. Msisubiri uchunguzi uishe: barua ya kwanza iseme kilichotokea kwa kadiri mnavyojua, ni taarifa za aina gani na za watu wangapi, mmechukua hatua gani, na nani awasiliane na Tume kwa niaba yenu, yatakayogundulika baadaye yatafuata kwa barua nyingine. Nendeni polisi mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu iliyoandikishwa kituoni, kwa sababu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ndicho cha kuombwa msaada wa kitaalamu. Mimi ningemwandikia pia Mrajis wa Vyama vya Ushirika, asije akayasikia mitaani.

Kuhusu kunyamaza, mwombe mwenyekiti alitafakari jambo la Uber, kampuni ya teksi za mtandaoni. Mwaka 2016 wadukuzi walichukua taarifa za watu milioni 57. Kampuni ikawalipa dola 100,000 na kukaa kimya mwaka mzima. Mwaka 2022 mahakama ya Marekani ilimtia hatiani aliyekuwa mkuu wao wa usalama, na kosa lake lilikuwa kuficha, kwani kudukuliwa si kosa. Mkiyaficha haya, muhtasari wa kikao cha bodi cha jana usiku utakuwa ushahidi dhidi ya kila aliyeketi pale.

Bahari_Hindi

Ninachangia kutoka Mombasa. Kwetu Kenya sheria ya mwaka 2019 inahesabu saa: Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ulipotambua, na ukichelewa ueleze sababu. Hata kama nyinyi mko chini ya sheria nyingine, ningekushauri ujipime kwa kipimo hicho. Saa yako ilianza kwenda Jumatano mchana, wanachama walipokupigia.

Mama_wa_Watatu

Mimi si mtaalamu, ila yalinipata katika kikundi kingine cha akiba, sitakitaja. Mtu alinipigia akijua mkopo wangu, jina la mdhamini wangu, hata shule ninayofundisha. Ningemkataaje? Nilituma Sh 320,000. Fedha niliisahau. Ambalo sikulisahau ni kwamba ofisi ilikuwa imejua wiki tatu kabla, na ilikuwa na namba yangu ya simu. Akiba yangu niliiondoa kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya tapeli. Mwambie mwenyekiti wako hivyo, kwa heshima zote.

Mzee_wa_Leja

Nimekuwa mhazini wa chama kwa miaka 14, na namtetea mwenyekiti kidogo: hofu ya watu kudai akiba kwa pamoja ni ya kweli, nimeiona kwa macho. Dawa yake ni mpangilio wa maneno. Linganisheni kwanza salio la benki na leja, na ikiwa fedha hazikuguswa, semeni hivyo mwanzoni kabisa. Msiseme kama hamjahakiki. Halafu mpeni mwanachama kazi ya kufanya, kwa sababu mtu aliyeelekezwa la kufanya hatishiki ovyo: asitume fedha, apeleke namba ya tapeli kwenye 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na apige *106# kuona kama kuna laini iliyosajiliwa kwa namba yake ya NIDA asiyoijua. Wapigieni kwanza wastaafu na wenye mikopo mikubwa. Ujumbe wa simu wengine hawausomi. Na faili hilo la kila mwezi likome kusafiri kwa barua pepe.

Meneja_Kanda_ya_Ziwa

Wakuu, nimemsomea mwenyekiti uzi huu wote kwa simu. Alikaa kimya muda mrefu nilipofika kwa Mama_wa_Watatu, kisha akaniuliza ni wanachama wangapi wamekwisha kutuma. Tunaowajua ni wawili. Leja na benki zimelingana, barua ya Tume imesainiwa, RB tunaichukua asubuhi, na ujumbe huu unatoka saa mbili kamili kwa wanachama wote:

"Ndugu mwanachama, akiba na hisa zako ziko salama. Hata hivyo, siku ya Jumatatu mtu asiyeidhinishwa aliingia kwenye barua pepe ya ofisi na huenda amepata jina lako, simu, namba ya NIDA, mshahara, akaunti ya benki na taarifa za mkopo wako. Hatutakuomba fedha wala namba ya siri kwa simu. Ukiombwa, usitume, peleka namba hiyo 15040 na utujulishe. Tunaomba radhi. Ofisi itakuwa wazi hadi saa mbili usiku wiki hii yote."

Mzee_wa_Leja

Ongeza jina lako na namba ya ofisi wanayoijua, kisha utume. Nawe ukae karibu na simu.

Meneja_Kanda_ya_Ziwa

Nimeongeza. Wafanyakazi wote watano tutakuwa kwenye simu kuanzia saa moja na nusu, na mwenyekiti amesema atakuja kukaa mapokezi mwenyewe.