SAPRAIZI YA BABU 75 🦁 (Babu hayumo humu)

Rehema, 19:02
Asalaam aleykum ukoo. Nakumbusha mara ya nne sasa, Jumamosi ijayo Baba anatimiza 75, video bado na mchango wametoa watu watatu. Elfu kumi tu jamani. Mudi weka ulipofikia watu waone

Rehema, 19:09
Tiki za bluu naziona

Mudi, 19:21
Shikamoo shangazi, shikamooni wote. Hiyo ni Simba na Nkana ya Zambia 2018, lile goli la kisigino la Chama
*[video, 0:48]*

Rehema, 19:23
Marahaba. Mbona moto unawaka kila mahali na maandishi yanarukaruka? Na huu muziki wa nini

Shemeji Kasimu, 19:24
Mimi nimeona moshi tu, goli sijaliona 😂 au offside?

Mudi, 19:25
Ndo staili ya sasa hivi shemeji ya baba, ukiweka kavu watu hawaangalii

Zainabu, 19:31
Mudi Babu macho yameshakwisha we. Juzi kaniuliza umeme umekatika saa ngapi na ilikuwa saa nane mchana. Slomo yako hiyo unamuwekea nani? Yeye atasikiliza tu. Huo muziki ndo umefunika kitu pekee ambacho angekipata

Mudi, 19:38
Daah

Mudi, 19:52
Ok nimekaa nimeisikiliza bila kuangalia, nimegeuza simu kifudifudi. Zai uko sahihi. Unajua kisigino chenyewe ni sekunde moja, ukikata hapo kwenye mguu tu ni goli kama magoli mengine, kinachoua ni kwamba kwao Kitwe tulipigwa 2-1 na hapa tunaongoza 2-1 yaani hesabu iko sawasawa na dakika zinayoyoma, uwanja mzima unasikia unaguna, mtangazaji keshaanza kuongea taratibu kama mtu yuko msibani, halafu ghafla ule mlio. Mimi nilikuwa nimeukata wote ule mguno nianzie kwenye pasi ya mwisho. Narudisha sekunde 20 za nyuma na muziki nautoa

Shemeji Kasimu, 19:55
Sasa na ile 5-1 Yanga tuliyowapiga Novemba 2023 unarudisha sekunde ngapi? Maana mlio ulikuwa mara tano 💚💛

Rehema, 19:55
Kasimu hujachanga

Shemeji Kasimu, 19:56
Mwananchi hachangii kolo 🏃🏾

Bamdogo Shabani, 20:14
Wekeni na Zamalek 2003. Wao ndo walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwao Cairo, tumewatoa kwa penati, Kaseja golini. Ile usiku mtaa mzima tulikuwa kwenye redio moja

Rehema, 20:15
Shabani wewe neno redio ungeliacha tu

Bamdogo Shabani, 20:17
Unaanza

Rehema, 20:17
Sianzi. Nasema tungekuwa na ile kanda leo Mudi asingehangaika kutafuta sauti

Bamdogo Shabani, 20:19
Rehema miaka thelathini na ushee hii. Kila harusi kila msiba kanda. Nimeshasema sikurekodi taarabu mimi, wala taarabu yenyewe sikuwa napenda

Shemeji Kasimu, 20:20
Walau taarabu haikufungwa nyumbani 😂😂

Mudi, 20:26
Jamani tusitoke nje ya mada. Nina zile 5-0 tulizowapiga Yanga Mei 2012 pia. Nataka penati ya Mafisango niiache kavu kabisa, nisiandike kitu. Siku 11 baadaye alikufa kwa ajali na pale anashangilia kama wenzake tu. Anayejua ataelewa, asiyejua aone goli. Nikiandika RIP na mishumaa naharibu

Zainabu, 20:27
Hiyo nakubali

Mudi, 20:33
Kingine naomba ruhusa. Hadi sasa ni ushindi mwanzo mwisho, inakuwa kama tangazo la biashara. Nataka kati nitie fainali ya Kombe la CAF 1993 na Stella Abidjan, ile tuliyofungwa. Picha sina ila ataje mtu tu kwa sauti, kwao 0-0, hapa 0-2, kimya kidogo, halafu ndo tuingie Zamalek. Bila kile kimya Zamalek haina uzito

Bamdogo Shabani, 20:35
Hapo umeongea

Rehema, 20:35
Mimi naunga mkono. Na tayari nimeshatoa advansi ya projekta

Zainabu, 20:36
Projekta ya nini shangazi?? Tukodi spika

Rehema, 20:37
Advansi hairudi

Zainabu, 20:58
Bibi kasikia nilikuwa nasoma kwa sauti. Kasema niandike kama anavyosema, nisipunguze:
"Kanda ile hakuifuta Shabani. Niliifuta mimi. Ilikuwa na hiyo Stella yenu, baba yenu akiisikiliza kila usiku taa ikishazimwa, nikachoka, nikaweka taarabu juu yake. Mtu akifungwa mara moja inatosha. Shabani mwanangu nilinyamaza nikakuacha ubebe, unisamehe. Na hiyo Stella msimletee."

Bamdogo Shabani, 21:04
Shikamoo mama

*Shemeji Kasimu amefuta ujumbe huu*

Rehema, 21:40
Haya. Ukoo tuendelee. Mchango mwisho Jumatano

Mudi, 21:47
Shangazi kuna kitu sijasema. Siku ya Idi nilimrekodi Babu bila yeye kujua, anasimulia ile 6-0 tuliyowapiga Yanga 77, Kibadeni kapiga tatu. Mechi yenyewe video sijawahi kuiona ila Babu anaitangaza yote na mdomo wake, nilitaka ndo iwe mwanzo wa video. Sasa anavyomaliza hapohapo anaingia Stella mwenyewe, hajaulizwa na mtu, anasema kama dakika mbili hivi kisha anacheka. Hiyo sehemu nikate au?

Mudi, 21:59
?

Zainabu, 22:03
Bibi kalala

Mudi, 22:10
Basi naandaa mbili. Na nikituma ntatuma kama dokumenti msinilalamikie bando, nikituma kawaida inakuja ukungu

Kaka Idrisa (Tanga), 23:36
Ndo naingia toka kazini. Nimetuma elfu tano, nyingine mwisho wa mwezi. Kwani video ni ya nini, kuna harusi?

Rehema, 23:38
Mudi usikate kitu kwanza. Nampigia Shabani hapokei