Mrejesho: kamera iliyokuwa inagoma kuwasiliana na lenzi

Wakuu, asanteni. Niliuliza kuhusu kamera inayotoa kosa la mawasiliano na lenzi kila ikipiga picha, huku fundi mmoja Kariakoo akitaka kubadilisha bodi nzima ya saketi. Bodi ni nzima kabisa.

Anzeni na pini za dhahabu kati ya lenzi na kamera. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, zinashika uchafu haraka. Zima, toa betri, vua lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisidondoshe, futa pande zote mbili, acha ikauke. Msasa hapana! Unakwangua mpako wa dhahabu, kisha kutu inaingia.

Kwangu kosa lilibaki, ndipo kipimo mlichonipa kikasaidia: piga kwa f/3.5 (tundu la mwanga la lenzi likiwa wazi), halafu f/11 (tundu likiwa limebanwa). Ikikubali f/3.5 na kugoma f/11, mshukiwa mkuu ni utepe wa waya wa diafragamu (kifaa kinachobana tundu hilo) ndani ya lenzi, unaokatika kwa kukunjwa kila unapozungusha zumu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi wa lehemu. Mwambie abadilishe utepe tu, dai ule wa zamani, na kabla ya kulipa jaribu f/11 kwenye zumu zote.

Msifungue kava la kamera yenye flashi nyumbani: kapasita yake hubaki na takriban volti 300 hata betri ikiwa imetolewa.