Ligi ya chuo cha mpwa wangu ilikimbiwa na vyuo 10: naomba kueleweshwa hii biashara ya TV

Banda la Kizota

Wakuu, habari za jioni. Wenye kustahili, shikamooni.

Mimi nina banda la mpira huku Kizota. Mabenchi kumi na mawili, TV mbili, king'amuzi kimoja na jenereta linalogoma kila likinusa mvua. Kiingilio 500, siku ya Simba na Yanga 1,000 na hakuna kujuana. Hela ya kifurushi naitenga kabla ya mafuta ya kupikia nyumbani, mke wangu shahidi. Kwa hiyo kwenye haki za matangazo mimi si mgeni, ila nimekaa mwisho kabisa wa bomba, nakinga na ndoo. Huko juu kwenye tenki ndiko nisikokuelewa.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, anasomea mambo ya mbegu za ngano Marekani, Washington State University, mji unaitwa Pullman. Mji mdogo tu, anasema ukitoka nje kidogo ni vilima vya ngano kushoto na kulia, kama unapita Kongwa mwaka wa mvua nzuri. Jumamosi moja kanipigia simu ya video yuko uwanjani. Huku saa nane na nusu usiku, nimejifunika shuka, naangalia kioo: watu wamejaa mpaka juu, bendi inapiga, wamevaa nyekundu iliyokolea, na katikati wanaume wenye kofia ngumu wanagongana kama beberu wawili mnadani. Nikamuuliza hiyo ni timu ya taifa? Akacheka. "Mjomba, huu ni mpira wa Kimarekani, na hiki ni chuo chetu. Tena sisi ndio wadogo." Michigan wana uwanja unaoingiza watu zaidi ya 107,000. Wakuu, kwa Mkapa ni 60,000! Michezo ya vyuo ninayoijua mimi ni ya hapa UDOM, unakaa juu ya tofali, ukipiga kelele refa anageuka kukutazama ni nani.

Kilichoniondolea usingizi ni alichosema baadaye. Walikuwa kwenye ligi ya vyuo 12 vya upande wa Pasifiki, inaitwa Pac-12, mizizi yake ni ya 1915. Juni 2022 USC na UCLA za Los Angeles wakatangaza wanahamia Big Ten, ligi ambayo ngome yake iko mbali huko kaskazini na mashariki. Agosti 2023, Ijumaa, wakuu wa vyuo waliobaki wanakutana asubuhi wakubaliane mkataba mpya wa matangazo na Apple, Oregon na Washington (chuo kingine, si hiki cha mpwa) nao wakaaga. Wengine wakatawanyika. Msimu wa 2024 unaanza, wamebaki wawili: wao na Oregon State. Ligi ya timu mbili. Hiyo si ligi, ni mchezo wa bao.

Hapa kwetu mwaka 2021 Azam walisaini na TFF miaka 10, Sh225.6 bilioni, ligi nzima kwa mkupuo. Dodoma Jiji wanapata chao kwa sababu hawauzi peke yao. Wangesimama Jamhuri na kamera yao wakasema "tunauza", angenunua nani? Sasa kwa nini vyuo vya Marekani, na maprofesa wote wale, wasikae meza moja wakauza pamoja? Na nasikia kuna sheria wanataka kuibadili bungeni kwao. Ipi hiyo, na inazuia nini? Anayejua anieleze taratibu, darasa langu ni la saba.

Wakili wa Mkonze

Mkuu, meza moja walishawahi kuikalia. Mahakama ndiyo iliyowanyanyua.

Zamani NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo kwao, ndiyo ilikuwa inauza matangazo ya mpira wa vyuo vyote. Ilipanga nani aonekane na mara ngapi. Kwa mpango wao wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 timu haikuruhusiwa kuonekana zaidi ya mara 6 ndani ya miaka miwili. Hebu waambie Yanga hivyo! Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani, na tarehe 27 Juni 1984 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba mpango ule unavunja sheria ya ushindani. Mmoja wa wale wawili alikuwa Jaji Byron White, aliyekuwa nyota wa mpira huohuo ujanani mwake chuoni Colorado. Yeye alisema wenzake wanakosea kuichukulia michezo ya vyuo kama biashara tupu. Sijui angesema nini leo.

Sasa njoo kwa NFL, wale wa kulipwa. Wao wana kinga. Mwaka 1961 bunge lao lilipitisha sheria, Rais Kennedy akaisaini, inayoruhusu ligi za kulipwa za mpira wao, besiboli, kikapu na hoki kuuza matangazo kwa pamoja bila kushtakiwa kwamba wanapanga bei. Vyuo havimo. Yaani vimo, lakini kwa kufunikwa mwavuli tu: NFL wakirusha mechi zao Jumamosi za msimu wa vyuo, kinga yao inaondoka. Ndiyo maana kwa miezi ile Jumamosi ni ya vyuo na NFL wanajibana siku nyingine, hasa Jumapili.

Baada ya 1984 kila konferensi, yaani kila kundi la vyuo lililoungana kuwa ligi, ikafungua duka lake. Na mwenye duka anatafuta bidhaa inayojaza wateja. Big Ten walipata mkataba na Fox, CBS na NBC wa miaka 7, unaotajwa kuzidi dola bilioni 7. Ukishaona hizo, kubaki Pac-12 ni kukaa na ndoo kwenye foleni ya mgao wakati jirani kachimba kisima. Ndiyo maana "Big Ten" leo ina vyuo 18, na Stanford, chuo cha California, kinacheza ligi iliyopewa jina la bahari ya Atlantiki. UCLA wakienda kucheza na Rutgers kule New Jersey ni karibu kilomita 4,000, kwenda tu. Wanafunzi hao, na Jumatatu wana mtihani.

Kuhusu sheria. Septemba 2025 Seneta Maria Cantwell, anayetoka jimbo hilohilo anakosoma mpwa wako, na wenzake wawili wa Democratic waliwasilisha muswada unaoitwa SAFE. Kati ya mengi yaliyomo, unaifungua ile sheria ya 1961 ili vyuo navyo viweze kuuza pamoja. Mshindani wake ni muswada wa SCORE wa Baraza la Wawakilishi: huo unaipa NCAA kinga dhidi ya kesi na kusema wachezaji si waajiriwa wa vyuo. Ulipangiwa kura Desemba 2025, ukaondolewa siku yenyewe ya kura kabla ya kupigiwa. Na mbele kuna Seneti, ambako bila kura 60 kati ya 100 mjadala unaweza usifungwe kabisa. Usiwafananishe na hapa Dodoma, ambako muswada wa Serikali ukishafika kusomwa mara ya tatu unajua umekwisha.

Jangwani Mpaka Kaburini

Mnalia nini? 2013 Azam TV wanaingia kwenye ligi, Yanga waliugomea ule mkataba. Wenye mashabiki nusu ya nchi ulingane mgao na timu inayochezea watu mia mbili na mbwa mmoja? Hao Big Ten ni Wananchi wenzangu. Mwenye watu ndiye mwenye TV. Kila la heri na ngano.

Mama Zabibu, Mpunguzi

Kaka wa Kizota, mimi mpira siujui wa mkono wala wa mguu, ila hilo la kuuza pamoja nimelilia machozi.

Nina ekari moja na robo ya zabibu. Kuna msimu tulikubaliana kwenye kikao, chini ya mwembe, tumeandikana majina: hakuna kuvuna mpaka mnunuzi akubali bei moja ya wote. Kati yetu kulikuwa na mmoja ana ekari 12, ana kisima, ana mipira ya matone, zabibu yake inang'aa kama imepakwa mafuta. Akaweka dole gumba kama sisi. Siku ya tatu usiku tukasikia fuso linashuka kwa gia. Asubuhi kwake mizabibu mitupu, na mnunuzi anatuambia kiwanda kimejaa, turudi wiki ijayo.

Zabibu haijui wiki ijayo. Nilipanga kreti 40 kandokando ya barabara. Siku ya kwanza nyuki. Siku ya pili za chini zikaanza kutoa maji, yanachirizika kwenye vumbi, yananata kwenye kandambili. Siku ya tatu nikauza kwa bei ambayo siisemi hapa, watoto wangu wanasoma.

Lakini niseme ukweli wa Mungu. Yule baba nilimchukia mwaka mzima, mpaka siku moja nikapita shambani kwake. Anaamka saa kumi. Zabibu yake ni tamu kuliko yangu. Angesubiri na sisi angelipwa sawa na mimi niliyekosa dawa ya ukungu msimu ule. Sasa wewe wakili niambie, huo muswada unampa nini mwenye ekari 12? Kama haumpi kitu, fuso litashuka tena usiku.

Wakili wa Mkonze

Mama, shikamoo. Umeuliza swali ambalo ndilo linalowagombanisha kule.

Anayelipigia debe zaidi hilo la kuuza pamoja ni Cody Campbell, tajiri wa mafuta na mwenyekiti wa bodi ya chuo cha Texas Tech. Ametoa hela zake mfukoni kulipia matangazo ya TV katikati ya mechi, anawaambia watu wapigie simu wabunge wao. Jibu lake kwa mwenye ekari 12 ni kwamba vyote vikiuza kwa sauti moja kapu zima litakua, kiasi kwamba hata mgao wake mkubwa utaongezeka. Big Ten na SEC, ligi mbili zenye hela nyingi, hawautaki mpango huo. Wana mikataba yao mkononi na wanaona wanaombwa wagawe kilicho chao kwa ahadi. Mimi binafsi naamini kapu litakua, ila sioni muswada ukipita bila wao kuhakikishiwa kwamba hawatashuka hata senti. Na ukishawahakikishia hivyo, yule wa ekari moja na robo anabaki palepale alipokuwa, labda na kreti mbili zaidi.

Mbio za Singida

Mbona hamuwataji wachezaji? Na mbona ni mpira tu?

Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow 1980, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Texas huko El Paso, akawa anachukua mataji ya NCAA ya mita 10,000 mwaka baada ya mwaka. Mtanzania huyo alisomeshwa na miguu yake. Kwenye vyuo vikubwa, mpira ndio unaolipia riadha, kuogelea, mieleka, na michezo mingi ya wasichana. Kwa makubaliano ya kesi iliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken Juni 2025, vyuo sasa vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, mwaka wa kwanza mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo, na dola bilioni 2.8 ziende kwa wale wa nyuma ambao hawakulipwa. Ni haki yao, miaka yote walijaza viwanja kwa sahani ya chakula na chumba. Ila mkurugenzi wa michezo akitafuta pa kukata, hatakata kwa wenye kofia ngumu. Atakata kwa kijana kama Nyambui. Nimekimbia UMISSETA miaka mitatu, najua timu gani inapewa basi na ipi inaambiwa ipande lori la viazi.

Banda la Kizota

Asanteni sana wakuu. Mama Zabibu, nimesoma ya kreti mara mbili, nikamsomea na mke wangu. Jangwani, wewe ukija kwangu siku ya derby kiingilio ni 2,000.

Nimempigia mpwa nikamweleza yote haya, ya 1961 na ya 1984, akashangaa mjomba kajulia wapi. Na yeye akanipa ambayo hamkuyasema. Wao na Oregon State walikwenda mahakamani kugombea funguo za ligi, wakashinda, na pamoja na funguo wakapata usemi juu ya hela iliyobaki kwenye kibubu. Kuanzia 2026 Pac-12 inarudi na timu mpya: Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State, Utah State, na Texas State nao wapo. Nikamuuliza hao watano wa mwanzo mmewatoa wapi? Akanyamaza kidogo. "Kwenye ligi ya jirani, mjomba. Mountain West."

Nikamwambia basi hilo fuso la usiku sasa mnaendesha ninyi. Akakata simu, anasema mtandao.

Wakili, swali la mwisho: hizo mechi zao king'amuzi cha huku kinazikamata, au mpaka intaneti? Walinzi wa Kizota wako macho saa nane usiku na wananidai mechi. Nikiwawekea kahawa na kashata, 500 watalipa.